Siku sita Mtera, na Afande anayehesabu watoto wa viboko

Nimerudi Dodoma wiki ya tatu sasa. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari lililolowa pembe moja, picha za simu na risiti nilizokuwa nikizitia kwenye bahasha. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mwaka jana mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, mtoto wa kiboko ananyonyaje ndani ya maji?" Nilimjibu kama nilivyosoma, lakini jibu halikunitosha mimi mwenyewe. Kaka yangu anafahamiana na askari wa wanyamapori anayefuatilia watoto wa viboko katika bwawa la Mtera. Tulipigiana simu, nikaomba vibali, na mwishoni mwa Februari nikafunga begi.

Jina lake silitaji, kwa makubaliano yetu. Kule kila mtu anamwita Afande, nami nitamwita hivyohivyo.

Jumatano: Nzuguni hadi Mtera

Basi la Iringa lilikuwa liondoke stendi ya Nzuguni saa 12 asubuhi. Liliondoka saa 2 kasoro robo. Nauli hadi Mtera nililipa 7,000. Njia nzima ni lami, kama kilomita 130, na baada ya Mlowa mibuyu inaanza kujipanga kushoto na kulia, wakati huu ikiwa na majani. Atakayekuja Septemba ataikuta mitupu na nchi yote ya rangi ya vumbi. Februari Ugogo ni kijani, mtama na uwele vimefika kiunoni.

Karibu na Fufu tairi la nyuma lilipasuka. Tulikaa kando ya barabara saa moja na nusu, juani. Mama mmoja aliyekuwa na ndoo mbili za zabibu za kupeleka Iringa alifunua moja, akaanza kugawa kichala kimoja kimoja, watoto kwanza. Nilitaka kumlipa, akakataa. "Zitaharibika zote, mwanangu. Bora ziharibikie tumboni mwa watu." Ndoo ile alikuwa aiuze. Nimeandika namba ya kiti chake kwenye daftari, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu cha kumkumbukia.

Mtera tulifika saa 7. Barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa wenyewe, kwa hiyo unavuka kutoka Mkoa wa Dodoma kuingia Iringa huku maji yako upande mmoja na bonde upande wa pili. Bwawa lilijengwa kati ya 1975 na 1979, kwanza kama ghala la maji ya mitambo ya Kidatu iliyo chini zaidi, kisha Mtera nayo ikawekewa mitambo yake ya megawati 80. Likijaa linafunika kama kilomita za mraba 660. Maji yote haya yanatoka kwenye mito ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo.

Kwa anayekuja: usitoe simu kupiga picha ukiwa ukutani. Nilikatazwa mara moja, kwa adabu lakini bila mjadala.

Mchana nilikula perege wa kukaanga na ugali, 4,000, samaki ametoka kwenye mafuta mbele ya macho yangu. Gesti 15,000, ina chandarua kizima na maji ya ndoo. Jioni Afande alikuja kunisalimia. Mrefu, mkimya, miaka hamsini na kidogo. Hakuniuliza habari za Dodoma. Aliangalia miguu yangu, akasema, "Mwalimu, hivyo viatu vitabaki kwenye tope. Kanunue gambuti leo." Nilinunua kwa 18,000, na kila siku iliyofuata nilimshukuru kimoyomoyo.

Alhamisi: tope, ng'ombe wanne, kisha maji

Kutoka barabara kuu hadi mwambao tunakopandia boti ni safari ya bodaboda ya dakika arobaini wakati wa kiangazi. Sisi tulitumia saa tatu. Udongo wa kule ukilowa unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Kwenye korongo la pili pikipiki yangu ilizama hadi kwenye injini, ya Afande nayo ikafuata.

Mzee mmoja alikuwa akilima ng'ambo. Hakuitwa na mtu. Alifungua ng'ombe wake wanne kwenye jembe, akaja nao pamoja na wajukuu wawili, akafunga kamba, akawaambia ng'ombe maneno mawili ya Kigogo, na pikipiki zikatoka moja baada ya nyingine. Nilimsalimia, "Mbukwenyi," akafurahi kupita kiasi, akatutaka twende kwake. Bibi wa pale alitutilia maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ugali wa uwele, na mlenda wa kukaushwa, ule wanaouita ilende. Afande alitoa pakiti mbili za chumvi kwenye begi lake, akaziacha mlangoni. Ameishi kule vya kutosha kujua kwamba hela ingewaudhi.

Wakati tunakula, binti wa mji ule alimwambia Afande kwamba viboko wamekula mahindi yake yote usiku wa Jumapili. Tukaenda kuona. Lilikuwa shamba la kando ya maji, kwenye ardhi ambayo bwawa huiacha likipungua. Nyayo za vidole vinne zilikuwa kila mahali, na mahindi yamekatwa sawasawa, kama yamefyekwa. Kiboko mzima anaweza kumaliza karibu kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na mahindi machanga kwake ni majani matamu.

Afande alipima shamba kwa hatua, akaandika. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye tope, ili asiongee na yule dada akiwa amemsimamia, akamweleza. Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au aliyefiwa, na fomu ataijaza. Lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, na shamba hili liko ndani. Yule dada akamuuliza swali ambalo sijalisahau: "Mita 60 kutoka maji ya mwezi gani, Afande? Nilipopanda, maji yalikuwa kule." Akanyoosha mkono mbali sana, kwenye visiki vilivyosimama majini.

Afande hakuwa na jibu, na hakulitengeneza. Alisema ataiandika hoja hiyo kama ilivyo. Nilimwona akiiandika.

Saa 10 jioni tukapanda boti. Nahodha ni kijana wa kambi ya wavuvi, petroli ni juu ya mgeni: lita 10, kwa bei ya chupa za kule 3,500 kwa lita. Jaketi okozi tulivaa wote watatu. Narudia kwa msisitizo, kwa yeyote anayesoma akiwa na mpango wa kwenda: usipande mtumbwi Mtera bila askari na bila mtu anayejua viboko walipo. Wavuvi wanafia kule. Si hadithi za kutishia watoto.

Tulikwenda kulala kisiwani. Kisiwa chenyewe ni kilima ambacho maji yalikizunguka. Kina mawe, miiba, mbuyu mmoja, na turubai la Afande. Wavuvi hawalali hapo. Giza lilipoingia tulisikia mngurumo wa kwanza, ukatoka upande wa kushoto, ukajibiwa kulia, kisha ukaendelea mbali hadi sikio likachoka.

Ijumaa: hesabu

Tuliamka saa 10 na nusu usiku. Afande hawashi tochi akipanda jiweni, anapapasa kwa mikono. Kufika saa 12 tulikuwa tumelala kifudifudi jiweni, kundi kubwa la viboko likiwa chini yetu, kama mita mia mbili, upepo ukitupiga usoni.

Nilidhani kuhesabu viboko ni kuhesabu vichwa. Afande anahesabu mara tatu, akipumzika dakika kumi katikati, na anachukua namba kubwa kuliko zote, kwa sababu siku zote kuna waliozama. Mkubwa anaweza kukaa chini kama dakika tano. Ila watoto, aliniambia, wanajitoa wenyewe. Pumzi yao ni fupi. Ukiona jike amesimama kimya pembeni, masikio ameyalaza, usimwache kwa macho: hesabu taratibu, kitu kitatokea ubavuni pake.

Nilimkazia macho jike mmoja mwenye sikio la kulia lililochanika. Alikuwa peke yake kwenye hori dogo la matete, mbali na kundi. Jike akikaribia kuzaa hujitenga, na hukaa na mtoto wake pembeni siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla ya kumrudisha kwa wenzake. Afande alikuwa akigonga kidole kwenye goti lake. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini na mbili, na pale ubavuni maji yakapasuka kwa kishindo kidogo sana, kama mtu amefungua soda, kikatokea kichwa kisichozidi sufuria ya familia ndogo.

Darubini ilinipa kila kitu. Ngozi ya waridi kuzunguka macho na kwenye mikunjo ya shingo. Masikio mawili madogo yakijitikisa haraka kutoa maji, matone yakiruka na kushika jua. Pua zilifunguka, zikavuta, zikafunga tena kwa nguvu, kama midomo ya mtoto anayekataa dawa, kisha akashuka. Mama hakusogea hata kidogo. Nikajua ninachokiangalia: anarudi kunyonya. Anafunga pua, analaza masikio, ananyonya chini ya maji, anapanda kuvuta pumzi, anashuka tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Nilikuwa nalia, na sikuona sababu ya kujificha.

Mtoto wa aina hiyo anazaliwa na kilo kati ya 25 na 50, baada ya mimba ya miezi minane. Mama yake anapita tani moja. Baada ya nusu saa alipanda mgongoni kwa mama, akateleza, akapanda tena, akatulia kama mzigo uliofungwa vizuri.

Afande aliandika katika daftari la shule la kurasa 200, mistari ameichora kwa rula. Safu moja ya wakubwa, moja ya wadogo, na ya tatu, nyembamba, ya watoto wa msimu huu. Nilimuuliza kwa nini ajitese na hiyo nyembamba wakati viboko wazima wanaonekana. Akasema mkubwa anaweza kuwa amehamia tu. Juu huko, tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu unakauka kiangazi kwa sababu ya maji yanayochukuliwa kwenye bonde la Usangu, na viboko wanafuata maji yalipo. Ukiona wazima wameongezeka hapa unaweza kushangilia, kumbe ni wakimbizi. "Mtoto hahami peke yake, Mwalimu. Mtoto ndiye anakuambia kama wanaishi hapa au wanapita."

Asubuhi ile ilitoka na watoto saba wa msimu huu. Yule jike mwenye sikio lililochanika tulimwita Sikio, na mtoto wake alikuwa wa saba.

Jumamosi: mvua

Mvua kutwa. Tulikaa chini ya turubai, tukala wali na dagaa wa Mtera, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi niliyobeba.

Jioni ilipokatika, Nahodha alikuja na mvuvi mmoja aliyetega nyavu karibu na lile hori la matete. Afande alimwomba azitoe, kwa kuwa mtoto akijisokota kwenye wavu hawezi kupanda kuvuta pumzi. Mvuvi alinyamaza. Hori lile, alisema mwishowe, ndilo linalomlisha mwezi huu, upepo umeharibu kwingine kote. Kisha akauliza, "Siku ngapi?" Afande akasema kumi. Akaenda kuzitoa usiku uleule, na sikuona mtu akimlipa wala kumtisha. Kesho yake alituletea kambale wawili, tukataka kulipa, akachukua 3,000 ya mmoja tu.

Jumapili: safu nyembamba

Saa 12 asubuhi hori la matete lilikuwa tupu. Matete upande mmoja yalikuwa yamelala, yamekandamizwa, na tope limechimbuka. Furukombe alikuwa juu ya kisiki, akipiga kelele zake.

Sikio tulimkuta kwenye kundi kubwa, ukingoni. Peke yake. Afande akaanza kugonga kidole gotini. Ishirini. Thelathini. Sitini. Tukabadilishana darubini. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Watoto sita walikuwa pale, kila mmoja na mama yake, tuliwapata mara tatu katika hesabu tatu. Sikio alikuwa akigeuka kila mara kuelekea matete, akiweka kichwa chini ya maji, akikitoa.

Nahodha alisema kambini walisikia vurugu saa 8 usiku, madume. Dume huweza kuua mtoto. Mamba nao wapo. Lakini pia inawezekana mtoto alikuwa amejibanza kwenye matete mengine, au Sikio alimwacha kwa muda. Nilisema haya yote kwa haraka, nadhani nilikuwa najisemea mimi.

Afande alifungua daftari. Nikamwambia aandike saba, kwa sababu Ijumaa tulimwona wote wawili, kwa macho yetu, na nina picha. Akanijibu bila ukali, "Ya Ijumaa ni ya Ijumaa, Mwalimu."

Basi aandike sita? Hapana, hiyo pia hakuitaka, kwa kuwa hakuona mzoga. Alinieleza jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani. Namba yake inasomwa na watu wa pande mbili. Akizidisha, kuna watakaosema viboko wamezidi, wapunguzwe, na yule dada wa mahindi atakuwa shahidi wa kweli kabisa. Akipunguza, wengine watasema hakuna cha kulinda hapa, nyavu zirudi kila mahali. "Kitu pekee nilicho nacho ni kwamba sijawahi kuandika nisichokiona."

Aliandika sita, na pembeni ya sita akaweka alama ya kuuliza, ndogo, kwa kalamu ya risasi, ili iweze kufutika.

Mchana tulizunguka mwambao kwa kasia, injini imezimwa. Minandi imejaa kwenye visiki hadi matawi yamekuwa meupe kwa vinyesi. Mamba watatu, mmoja mkubwa. Hatukukuta mzoga, hatukukuta mtoto. Afande aliangalia mamba yule mkubwa kwa muda mrefu, tumbo lake hasa, kisha akasema twende.

Jumatatu: kurudi

Njia ilikuwa imekauka juu, bodaboda ilinitoa kwa saa moja, 10,000. Tulipita kwa yule mzee wa ng'ombe kuaga. Basi la kutoka Iringa lilijaa, nikasimama hadi Chipogolo, pale kijana mmoja akaniachia kiti alipoona gambuti zangu na kuuliza nimetoka wapi. Dodoma nilifika saa 11 jioni.

Kwa wanaopanga safari kama hii: jumla nilitumia kama 160,000, pamoja na chakula na petroli, bila kuhesabu gambuti. Beba chumvi, sukari na betri za tochi kwa ajili ya wenyeji. Anza na barua kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya angalau mwezi mmoja kabla, usimwendee askari moja kwa moja. Ukitaka kuona watoto wadogo kabisa, njoo wakati wa mvua, wengi huzaliwa majira hayo, na ukubaliane na tope. Kiangazi ni rahisi kwa miguu, ila utakuta wamekua. Rangi za nguo ziwe za udongo. Na muda: nilijipa siku sita, hazikutosha.

Darasani nimeshawaonyesha kidato cha nne, wale wa mwaka jana, picha ya Ijumaa. Yule aliyeuliza swali alitaka kujua kama mtoto yule ana jina. Nikamwambia hana, yupo kwenye safu nyembamba.

Jana usiku nilimpigia Afande kabla ya kumaliza kuandika haya. Maji yamepanda, lile hori la matete limekuwa bwawa wazi, na kundi limesogea upande wa Kisigo ambako boti haijafika wiki mbili kwa upepo. Nilimuuliza kuhusu alama ile ya kalamu ya risasi. Akasema bado ipo.